Mlango wa Land Rover uliokuwa uuzwe kwa kilo

Nilipofika, milango miwili ya Land Rover ilikuwa tayari iko juu ya mizani. Ilikuwa kijijini, njia ya kupanda Lukozi ukitokea Lushoto mjini, na mnunuzi wa skrepa alishapaki kirikuu chake uwanjani kwa mzee mmoja. Mimi nilikuwa nimefuata viazi. Wakati ule nilikuwa nauza mboga na viazi vya Lushoto kwa oda za WhatsApp, nafungasha, natuma Dar kwa basi, ndiyo kazi yangu hiyo.

Nikamuamkia mzee, nikamuuliza gari lenyewe liko wapi. Akanipeleka nyuma ya banda la ng'ombe. Liko juu ya mawe, halina magurudumu, mboga ya maboga imeingia dirishani na kutokea upande wa pili.

"Mwanangu, hili lilikuwa linapeleka watu Mtae enzi hizo," akaniambia. "Sasa linaenda kuwa sufuria."

Hakuwa anatania. Bodi ya Land Rover za zamani ni aluminiamu. Zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na aluminiamu ikawa rahisi zaidi kupatikana. Ndiyo maana gari linalala kwenye ukungu wa Usambara miaka yote hiyo na bodi bado ipo. Ndiyo maana pia watu wa skrepa wanalipenda, maana aluminiamu ina bei kuliko chuma, na ikiyeyushwa unapata sufuria. Ukitaka kuhakikisha chukua sumaku: ubapa wa nje wa mlango haunasi, fremu ya ndani inanasa.

Nikamuomba yule jamaa wa kirikuu aniachie milango kwa bei yake ya kilo na soda juu. Akacheka, akanipa. Jioni nikaiosha, nikapiga picha, nikaweka kwenye grupu moja la wenye magari ya zamani. Siku ya pili mtu wa Moshi akachukua mlango mmoja kwa karibu mara nne ya pesa niliyotoa kwa yote miwili. Sikuupaka rangi, sikuunyoosha. Kwenye mizani ulikuwa "aluminiamu". Kwangu ulikuwa "mlango wa mbele, kulia, Land Rover Series III". Basi.

Kesho yake nilirudi kwa mzee kuulizia gari zima.

Sasa ngoja nieleze kidogo, maana wengine mtaniuliza muuza viazi anatafuta nini kwenye gari bovu. Marekani wana jina la mchezo huu, hot rod. Kuanzia miaka ya 1930 vijana wa California walikuwa wanachukua Ford kuukuu, wanang'oa madigadi na kila kitu kizito, wanafunga injini yenye nguvu zaidi, hasa ile V8 ya Ford iliyotoka mwaka 1932, wanaenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka. Mpaka leo wapo wanaojenga kwa mtindo ule ule wa zamani na hawataki spea mpya kabisa. Wanataka vipande vya miaka ile. Kwa hiyo kilichokuwa takataka kwa babu, mjukuu anakinunua kwa bei ya juu. Sisi huku Lushoto maziwa makavu hatuna, tuna kona na tope. Hot rod yetu ni Land Rover ya vipande: chasisi ya hili, mlango wa lile, injini ya Hiace. Mbio utazikuta kwa wengine.

Mzee alikuwa tayari kuuza hata siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa karibu kuharibu. Pesa nilikuwa nayo mfukoni, ya viazi, tena nusu yake ni ya wateja. Nikamuuliza kadi. Kadi ipo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, lakini jina ni la kaka yake aliyefariki. Hapo watu wengi wanasema "haina shida, tutaandikishana mbele ya mwenyekiti". Shida ipo. Kwa karatasi ya mwenyekiti utaendesha shambani kwako; siku ukitaka kubadili umiliki TRA utaambiwa aje mwenye kadi, na mwenye kadi yuko kaburini. Familia ilibidi iende Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, yeye ndiye asaini mauziano. Tulisubiri miezi mitatu. Katikati hapo mtoto mmoja wa marehemu alipiga simu kutoka Dar kusema gari la baba haliuzwi, kisha akapiga tena kusema linauzwa ila bei iongezwe. Nikaongeza. Bora ugomvi huo utokee kabla hujanunua spana.

Kitu kingine tulichofanya kabla sijatoa pesa ni kukwangua tope. Namba ya chasisi kwenye hizi Land Rover za zamani imegongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikia. Tulitumia brashi ya waya na mafuta ya taa, namba zikaanza kutoka moja moja, tukalinganisha na kadi. Zilifanana. Zisingefanana ningenunua milango na bodi tu, chasisi ningemwachia mwenye mizani.

Kwa hiyo kama unauza spea au gari la vipande mtandaoni, picha ya kwanza unayotakiwa kuwa nayo kwenye simu ni hiyo ya namba ya chasisi pembeni ya kadi. Usiiweke hadharani, mtume mnunuzi aliye siriasi. Nimeuza vitu vingi, hakuna picha iliyonifungia biashara haraka kama hiyo.

Kujenga kwenyewe kulichukua mwaka na nusu, nyumbani, chini ya turubai. Chasisi ni chuma, na chuma kinaoza. Fundi wa kuchomelea alipita nayo kwa nyundo ndogo akigonga na kusikiliza. Panapolia vizuri ni pazima, panapolia kama debe lenye mchanga pameoza ndani. Boriti ya nyuma kabisa na mikono inayobeba bodi vilikuwa vimekwisha. Tulikata, tukachomelea vipya. Mabati nilinunua mapya. Hapo usitumie skrepa kwa kubana matumizi, utarudia kazi.

Vipande vingine niliviokota kwenye Land Rover mfu nyingine mbili, moja Soni, moja Mlola. Na hapa ndipo shule ilipoanza. Kwa mbali zote ni "Land Rover ya zamani". Ukikaribia, sivyo. Ile yenye saa za dashibodi katikati ni ya kabla ya Series III, mfano Series II au IIA. Zikiwa mbele ya dereva, ni Series III, iliyoanza 1971. Taa zikiwa zimebanana katikati, kwenye wavu wa rejeta, ni ya kabla ya miaka ya mwisho ya 1960. Baadaye zikahamia kwenye madigadi. Kuna fupi, inchi 88 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, na ndefu, inchi 109. Pima kwa futi kamba, usikisie. Nilikuwa naandika haya kwenye daftari la oda za mboga, ukurasa huu kabichi, ukurasa huu giaboksi.

Daftari hilo halikuniokoa na Mbeya. Mteja wa kule, dereva anayeishi kwa gari lake, alitaka hafu shafti ya nyuma ya 109. Nikamwandikia "ipo, boss, ya 109". Akalipa, nikatuma kwa basi. Kumbe difu za nyuma za 109 zina aina zaidi ya moja. Yangu ilitoka kwenye Series III yenye difu la Salisbury, lile kubwa lenye mfuniko kwa nyuma, shafti yake ina meno 24. Gari lake lilikuwa la kizamani zaidi, difu la Rover, meno 10. Fundi wake alishafungua kila kitu, gari liko juu ya jeki, abiria wake wameshachukuliwa na mwingine. Alinipigia simu bila kunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamrudishia hela ya shafti, nauli ya kutuma na nauli ya kurudisha. Faida ya wiki mbili iliondoka. Baadaye alinunua kwangu rejeta, lakini safari hii alitaka picha kumi na moja kabla hajalipa. Nilizituma zote.

Tangu siku hiyo tangazo langu liko hivi, na mnaweza kuliiga kwa chochote mnachouza, hata kama ni pochi za mtumba: "Hafu shafti ya nyuma, Land Rover 109 Series III, difu la Salisbury, meno 24, hesabu kwenye picha ya tatu. Imetumika. Kasoro: kutu juu juu, alama ya nyundo mwishoni. Linganisha na yako kwanza, ukitaka nitume video." Kasoro naandika mwenyewe. Mteja akiikuta mwenyewe baada ya kulipa, hiyo ni kesi. Akiisoma kwangu kabla ya kulipa, anaomba apunguziwe, tunaongea. Na bei naandika palepale. "Njoo inbox" kwa spea ya zamani inamkimbiza mnunuzi, anadhani unampima mfuko.

Injini nilifunga ya dizeli, Toyota 3L, tuliyoitoa Tanga mjini. Land Rover na Toyota haziungani hivi hivi, kati ya injini na giaboksi inabidi pawekwe bamba la chuma, na bamba likipishana hata kidogo klachi inakufa. Kazi hiyo alifanya fundi wa kukereza, mara mbili, maana ya kwanza alipima kwa macho. Risiti ya injini nikaitunza. Kadi ina namba ya injini pia, kwa hiyo ukibadilisha injini peleka taarifa zirekebishwe mapema, usingoje askari akufungulishe boneti barabarani.

Nije kwenye breki. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi za kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Land Rover hizi zina breki za dramu magurudumu yote manne, na nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki, yaani likivuja gurudumu moja pedali inazama kwa yote manne. Hata breki ya mkono haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi. Nilikuwa na mipira ya breki ya zamani iliyoonekana mizima kabisa, laini, haina ufa. Fundi aliikunja kwa vidole mbele yangu, ikapasuka. Tukanunua mipya yote, pamoja na raba za ndani za silinda na bomba. Tulishuka Soni mara ya kwanza alfajiri, gia ya pili mwanzo mwisho, kama madereva wa huku wanavyosema kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Fundi alikaa pembeni yangu ameshika kipande cha gogo miguuni. Sikumuuliza cha nini.

Kuanzia hapo kuna vitu siuzi vikiwa vimetumika: mipira ya breki, raba za silinda, na viungo vya steringi. Wateja wanalalamika, wanasema mwenzako anauza. Sawa. Mipira ya zamani nikiitoa kwenye gari naikata vipande viwili kabla sijaitupa, asije mtu akaiokota akaiosha.

Injini ya awali ya lile gari, ya petroli, lita 2.25, ilikaa chini ya turubai miezi mingi na nilishapata bei ya kilo mara tatu. Nilikaribia kuitoa, ilikuwa inakula nafasi ya magunia. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, yakaja magari mamia, na wiki kadhaa kabla yake simu yangu haikutulia: watu wanafufua magari, wanatafuta vya asili. Aliyeinunua hakuuliza kama inawaka. Aliuliza kama namba ya injini inasomeka. Nilimtumia picha, akatuma hela nusu, nusu nyingine mzigo ulipofika.

Gari lenyewe watu wameshaulizia sana. Siuzi kwa sasa, ndilo linalonishushia mizigo Mombo kwenye mabasi ya barabara kuu: viazi siku hizi, difu kesho, wakati mwingine vyote pamoja, na kuna mteja wa Dar aliwahi kulalamika karoti zake zinanuka grisi. Mlango wa pili, mwenzake na ule wa Moshi, uko juu ya gari hilo hilo, kushoto, bado na rangi ya mzee.

Nilichobaki nacho wiki hii ni mlango wa nyuma wa 109 mmoja, bawaba moja imepinda, ina tobo dogo chini ya kitasa, na wavu wa rejeta wa Series III, plastiki, umepasuka kona ya juu kushoto.