Baruti Nyingi si Ujuzi

Dhahabu ya Singida haikuanza jana. Sekenke, wilayani Iramba, Wajerumani walikuwa wakichimba tangu 1909, na dhahabu ya huko ndiyo iliyotengenezewa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, pale Tabora mwaka 1916. Mgodi wa wazi wa Mang'onyi, wilayani Ikungi, ulitoa dhahabu yake ya kwanza Machi 2023. Miaka yote hiyo imani moja haijatoka vijiweni: mwamba ukikataa, ongeza baruti.

Mwamba mgumu kama graniti hustahimili kubanwa, lakini ukivutwa ni dhaifu. Nguvu ya kuupasua kwa kuuvuta ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kuuponda. Baruti ikilipuka tunduni, wimbi la mshtuko hukimbilia upande wa mwamba ulio wazi. Likifika hapo hurudi nyuma, nalo sasa linavuta badala ya kubana. Jiwe hupasuka, gesi huingia kwenye nyufa na kusukuma kifusi nje.

Ndiyo maana matundu hayalipuliwi kwa mkupuo. Fataki hupangwa kwa zamu, milisekunde 17, 25 au 42 baina yao, ili safu ya mbele iondoke na kuiachia ya nyuma nafasi.

Kinachoudhi ni mdomo wa tundu. Wengi huuziba kwa vumbi la kuchoronga, eti liko palepale na ni la bure. Vumbi hilo hutemwa kama kizibo cha soda, gesi ikatoroka na mawe yakaruka. Kokoto zenye ncha hung'ang'aniana kadiri gesi inavyozisukuma. Kwa mkoa uliojaa mawe kama Singida, kukosa kokoto ni uzembe.

Kishindo kikubwa, nyumba za majirani kutikisika, moshi wa rangi ya chungwa: watu hushangilia, kumbe hiyo ni baruti iliyopotea bure. Mabonge yanayobaki huongeza gharama ya kuponda na kusaga.

Ujuzi huohuo hutumika kwenye machimbo ya kokoto, barabara, mahandaki ya reli, mabwawa na kadhalika.

Unayeishi jirani na mgodi, siku ya kulipua usiulize wametia baruti kilo ngapi. Uliza wamezibia nini, na zamu wamezipangaje.