Je, maktaba ni ya nani?

Tuanzie darasani. Siku hiyo tulikuwa Mpanda, kwenye shule moja ya sekondari, na sanduku letu la maswali. Utaratibu wake unaufahamu: unaandika swali, jina huweki, unatumbukiza. Tulipolifungua tukakuta maswali yale yale ya kila mkoa. Je, msichana anaweza kupata mimba mara ya kwanza tu? (Ndiyo, anaweza.) Je, akioga haraka baada ya tendo mimba inazuilika? (Hapana, haizuiliki.) Lakini karatasi moja haikuuliza habari za mwili. Iliuliza hivi: Dada, haya mambo tukitaka kuyasoma wenyewe, bila mtu kutukodolea macho, tunayasoma wapi?

Nikajibu haraka haraka, "Maktaba." Darasa zima likacheka.

Sikuelewa kilichowachekesha mpaka baadaye, tulipokuwa tukinywa chai. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu akaniambia, "Dada, maktaba si kile chumba kinachofungwa na kufuli? Ufunguo anao mwalimu, na mwalimu yuko likizo." Mwenzake akaongeza kwamba maktaba ni ya watu wa mtihani, ukikaa pale bila kitabu cha fizikia utaulizwa unatafuta nini. Basi nikajua kwamba jibu langu lilikuwa fupi mno. Makala hii ndiyo jibu refu niliyokuwa nadaiwa.

Kwanza niseme kwa nini swali lile halikuwa dogo. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi uliofanyika mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Katavi, kati ya kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Mkoa wetu ulikuwa wa kwanza nchini. Wastani wa Tanzania ulikuwa 27, na katika utafiti wa mwaka 2022 wastani huo ulishuka hadi 22. Soma tena namba ile ya kwanza: 45 kati ya 100. Keti kwenye dawati lako, hesabu wasichana wa darasa lako, halafu gawa karibu nusu. Sasa niambie kama kujua mahali pa kusoma habari za mwili wako ni jambo la kuchekesha.

Najua utasema, dada, kitabu hakizuii mimba. Kweli, peke yake hakizuii. Umaskini upo, ndoa za mapema zipo, na wapo wanaume wazima wanaowafuata wasichana njiani. Lakini anayejua siku za hatari ni zipi, na anayejua kwamba kituo cha afya kina huduma ya uzazi wa mpango, ana kitu mkononi. Anayetegemea hadithi za kijiweni hana.

Maana ya neno "umma"

Tofautisha vitu viwili. Kuna maktaba ya shule, yenye kufuli lile tulilolisema, na kuna maktaba ya umma. Ya umma maana yake ni ya watu wote. Sheria ya kwanza ya kuanzisha huduma hii nchini ilitungwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikatungwa sheria nyingine iliyoipa Bodi ya Huduma za Maktaba kazi ya kusimamia maktaba za umma na kusaidia za shule.

Ukiingia maktaba ya umma hakuna anayetazama sare. Hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Chukua mfano wa msichana aliyeacha shule Kidato cha Pili kwa sababu ya mimba. Zamani mlango wa shule ulikuwa umefungwa kwake. Novemba 2021 Serikali ikaruhusu wanafunzi kama yeye warudi kwenye mfumo rasmi. Lakini kati ya kujifungua na kurudi kuna miezi mingi ya kukaa nyumbani na mtoto, na kuna wengine hawarudi darasani kabisa, wanajiandaa kama watahiniwa wa kujitegemea. Shule haina kiti chao kwa muda huo. Maktaba ya umma inacho. Hakuna haja ya kujieleza. Mwamkie mkutubi, sema unatafuta kitabu gani, keti. Kusomea humo ndani ni tofauti na kuazima. Ukitaka kuondoka na kitabu ndipo unapotakiwa kujiandikisha kuwa mwanachama na kuwa na mdhamini. Uliza masharti ya maktaba uliyopo, usiogope.

Maktaba inapotoka nje

Sasa kuna tatizo, na vijana wa Katavi mnalijua kuliko mimi. Mkoa huu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ukamegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Watu wameongezeka mara mbili katika miaka kumi! Na hawajakaa Mpanda mjini tu. Wapo Mishamo na Katumba, wapo Inyonga, wapo Majimoto, wapo Karema kule ziwani. Mwanafunzi wa Karema ukimwambia "nenda maktaba mjini" ni kama umemwambia aende Ulaya. Nauli ya kwenda na kurudi inatosha kununua madaftari ya muhula.

Kwa hiyo maktaba yenyewe ndiyo inayopaswa kusafiri. Wala hili si wazo geni hapa kwetu, waulize babu na bibi. Wakati wa kampeni ya kufuta ujinga, mwaka 1967, watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma. Watu walipojifunza, ikaonekana kwamba mtu akijua kusoma halafu asiwe na cha kusoma, baada ya muda anasahau. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijijini, maelfu nchi nzima. Usifikirie majengo. Ilikuwa kabati au sanduku la vitabu, limewekwa shuleni au kwenye ofisi ya kijiji, na mtu mmoja wa kulitunza na kuandika nani kachukua nini.

Na afya ilikuwemo tangu hapo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi kwenye redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya: kufyeka nyasi karibu na nyumba, kuchimba vyoo, kuchemsha maji ya kunywa. Mimi hupenda sana mpango ule kwa sababu ulijua kazi ya kila chombo. Redio ikishasema imesema, huwezi kuirudisha nyuma. Kijitabu kinabaki. Ukisahau unafungua ukurasa ule ule.

Baadaye maktaba nyingi za vijijini zikafa. Hazikufa kwa sababu watu hawakupenda kusoma. Vitabu vilichakaa na vipya havikuja, na watunzaji wakachoka kutunza kabati tupu. Hilo likumbuke, maana sanduku lolote mtakaloanzisha ninyi litakufa kwa ugonjwa huo huo msipopanga mapema vitabu vitabadilishwaje.

Wenzetu Kenya walifikiria jinsi ya kuwafikia wafugaji wa Garissa wanaohama hama, ambako gari linazama mchangani. Wakatumia ngamia. Huduma ilianza mwaka 1996 na ngamia watatu: huyu kabeba masanduku ya vitabu, yule kabeba hema la kusomea. Vijana wanafuata mlio wa ngamia kama sisi tunavyofuata mlio wa treni ya Tabora.

Mfano unaonivutia zaidi uko Uganda, katika kijiji cha Kitengesa, karibu na Masaka, kwa sababu uko kwenye shule ya sekondari kama yako. Ulianza mwaka 1999 kwa sanduku moja la vitabu. Mwaka 2002 wakapata jengo. Maktaba ikawa ya wanafunzi na ya wanakijiji pia, hata kina mama wakawa wanakuja. Na wanafunzi wenyewe ndio waliofanya kazi ndani yake: kuazimisha, kupanga rafu, kuwasaidia wageni. Kwa kazi hiyo wakalipiwa karo. Hapo umeona? Aliyekaa mezani hakuwa mzee mwenye fimbo, alikuwa mtu wa rika lako.

Angalia mwaka wa kitabu

Tuseme mmepata sanduku. Klabu ya afya imeomba, mwalimu wa maktaba amekubali, basi la kwenda kijijini limelibeba. Fungueni pamoja, na kabla ya kushangilia, fanyeni kazi moja ya kuchosha kidogo. Tazameni mwaka wa kuchapishwa, nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukuta, katika sanduku la msaada kwenye shule moja, kijitabu safi kabisa cha malaria. Picha nzuri, Kiswahili kizuri. Kilisema ukiumwa malaria umeze klorokwini. Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania mwaka 2001, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea. Ikaja SP, nayo ikachoka, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa mseto, ALu. Mwanafunzi anayekiamini kile kijitabu anaweza kumpotezea mdogo wake siku tatu za matibabu, na kwa mtoto mchanga siku tatu ni nyingi mno.

Vitabu vya UKIMWI ni hivyo hivyo, tena zaidi. Vile vya miaka ya 1990 vilitisha: mafuvu, majeneza, maneno kwamba ukiambukizwa umekwisha. Wakati huo dawa hazikuwepo kwetu. Leo zipo za kufubaza virusi, hutolewa bure, na tangu mwaka 2016 anayegundulika ana virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima mwenyewe bila kibali cha mzazi. Kitabu cha zamani hakiwezi kukueleza hata moja kati ya haya. Kinaweza tu kukufanya uogope kupima.

Je, vya zamani vitupwe? Hapana jamani. Historia, hadithi, hesabu, vina miaka mingi mbele yao. Mfano, simulizi ya maisha ya Adrian Atiman ilichapishwa kwenye jarida moja la Tanganyika mwaka 1946. Alizaliwa karibu na mto Niger, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, kisha akafika Karema, ndiyo, Karema hii hii ya Katavi, akatibu wagonjwa kwa zaidi ya miaka 60. Maisha kama hayo hayachuji. Lakini kitabu kinachotaja dawa, dozi au sheria kiwe cha karibuni. Kama si cha karibuni, kiondoeni kwenye sanduku, na mkiwa na shaka mpelekeeni muuguzi wa zahanati akione. Hiyo ndiyo namna mojawapo ya kumwingiza mhudumu wa afya kwenye maktaba yenu: mwombeni aje mara moja kwa mwezi, asije na hotuba, aje akae jirani na sanduku na kujibu maswali.

Na lile la kukodolewa macho?

Sijalisahau. Ndilo lililokuwa swali lenyewe.

Tulilijadili na wanafunzi wa shule ile nilipowarudia. Wengine wakasema vitabu vya afya viwekwe kona ya peke yake. Msichana mmoja akakataa katakata: ukiweka kona, kila atakayesimama pale atajulikana anatafuta nini, na kesho kijiweni ni stori. Alikuwa sahihi, na mimi mtaalamu wa afya sikuwa nimeliwaza. Wakakubaliana vichanganywe, kitabu cha balehe kikae kati ya kilimo na jiografia. Kwenye daftari la kuazima wakaamua kuandika namba ya mwanafunzi na namba ya kitabu tu. Orodha inayoonyesha namba ni za nani anabaki nayo mtunzaji, naye haionyeshi kwa mtu.

Halafu mvulana aliyekuwa kimya kule nyuma akatoa wazo lililomaliza kikao. Si mnajua karatasi la kaki tunalofunikia madaftari? Tuvifunike vitabu vyote. Si vya afya peke yake, vyote: kemia, hadithi, ushonaji, ngozi moja. Wiki iliyofuata wakakaa chini ya mwembe na gundi na mkasi, wakafunika vitabu 60 na kitu. Nilipokuja kuazima kimoja nilishindwa kujua ni kipi mpaka nilipokifungua.