Mbolea ya Ruzuku: Kikundi Kifanye Nini?

Katika mikutano yetu ya Garsen swali moja linarudi kila mara: "Hiyo pesa ya serikali ya wakulima iko wapi? Mbona sisi hatuioni?" Leo tujaribu kulieleza.

Ruzuku si pesa ya kupewa mkononi. Maana yake ni kwamba serikali inalipa sehemu ya bei, na mkulima analipa iliyobaki. Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, mbolea ilipanda bei sana. Mfuko wa kilo 50 ulifika karibu Sh. 6,500. Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali ya Kenya iliushusha hadi Sh. 3,500, na mwaka 2023 hadi Sh. 2,500. Tofauti ile imelipwa na kodi yetu sote, hata ya yule mama anayenunua sukari robo kilo dukani. Kwa hiyo tusiione kama sadaka. Ni haki yetu, na tuifuate.

Inafuatwaje? Mkulima huandikishwa kupitia kwa chifu na maafisa wa kilimo. Anatoa kitambulisho, namba ya simu, ekari anazolima na mazao yake. Idadi ya mifuko hutegemea ekari hizo. Ujumbe huja kwa simu, kisha mkulima analipa na kuchukua mbolea kwenye ghala la Bodi ya Nafaka au kituo kingine kilichochaguliwa.

Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Baba ameandikishwa, lakini anayeinama shambani ni mama. Au laini ya simu ni ya kijana aliyekwenda Mombasa, na ujumbe unamfikia yeye huko! Mama anayelima aandikishwe kwa jina lake na kwa simu yake mwenyewe.

Jambo la pili ni usafiri. Tuchukue mfano. Mtu mmoja akienda peke yake kuchukua mifuko miwili, nauli na mizigo ikawa Sh. 1,200, kila mfuko umeongezeka Sh. 600. Lakini watu kumi wakienda siku moja, mifuko yao 20 ni tani moja. Wakikodi gari kwa Sh. 8,000, kila mfuko unaongezeka Sh. 400 tu. Hiyo ndiyo faida ya kikundi. Ila kwanza pigeni simu kuuliza kama mbolea ipo na bei ya siku hiyo ni ngapi.

Tatu, angalieni mnachonunua. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba wakulima wa sehemu mbalimbali za Kenya waliuziwa mbolea hafifu katika mpango huu huu, na serikali ikaahidi kuwafidia. Sasa asiye na risiti atadai kwa kitu gani? Mwandishi wa kikundi aweke risiti zote kwenye faili moja.

Mwisho, mbolea si dawa ya kila shamba. Wazee wetu wa Mto Tana walipanda maji ya mafuriko yakishapungua, maana mto huacha tope lenye rutuba. Lakini mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yalifagia mazao. Ukitia mbolea wakati maji yanakuja, umelisha mto! Mpunga wa mfereji, ambao maji yake yanapimwa, ni habari nyingine. Muulizeni afisa wa kilimo apime udongo kabla hamjatoa senti.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Ni wangapi kati yetu wameandikishwa, na kwa jina la nani?
2. Nani atatunza risiti?
3. Tukichanga kidogo kidogo kila wiki, tutapata gari kabla ya mvua?

Haba na haba hujaza kibaba. Tuandikieni mlivyoamua.