James Allison, mtafiti aliyefungua freni ya kinga ya mwili

James Allison alikuwa bado mtoto huko Alice, mji mdogo wa jimbo la Texas, Marekani, wakati mama yake alipokufa kwa kansa. Baadaye ugonjwa huo ukachukua wajomba wake wawili, na mwaka 2005 kaka yake.

Kwa miaka mingi waganga walikuwa na njia tatu za kupigana na kansa: kupasua, kuchoma kwa mionzi na kutoa dawa kali. Allison alitafuta kujua jambo lingine: kwa nini kinga ya mwili, ambayo inaua vijidudu kila siku, inaiacha kansa ikue?

Maaskari wa kinga hiyo ni chembe za damu zinazoitwa T. Zikiisha kuamka kwa vita, zinatoa kitu kinachoitwa CTLA-4, ambacho kinafanya kazi kama freni ya motokari. Bila freni hiyo, maaskari wangeshambulia mwili wenyewe. Lakini kansa inafaidika nayo, kwa sababu maaskari wanasimama kabla ya kumaliza kazi.

Watafiti wengine walitaka kuwaongezea maaskari nguvu. Allison, akiwa kwenye Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliamua kuizuia freni. Mwisho wa mwaka 1994, kikundi chake kilijaribu dawa kwa panya wenye kansa, na panya wakapona. Walirudilia jaribio hilo wakati wa Noeli. Panya wakapona tena.

Hata hivyo, kampuni nyingi za dawa hazikuamini. Ni mwaka 2011 tu ndipo Marekani iliruhusu dawa hiyo, ipilimumab, kwa wagonjwa wa melanoma, kansa ya ngozi, iliyosambaa mwilini. Zamani wengi wao walikuwa wanakufa kabla ya mwaka kuisha. Kwa dawa hii, karibu mmoja kati ya watano aliishi zaidi ya miaka mitatu, na wengine zaidi ya kumi.

Mwaka 2018 Allison alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Tasuku Honjo wa Japani, aliyegundua freni nyingine, PD-1.

Lakini vita haijaisha. Wagonjwa wengi dawa haiwasaidii, na kwa wengine maaskari wanageukia matumbo, ngozi au maini. Tena, ilipoanza kuuzwa, matunzo ya mgonjwa mmoja yaligharimu karibu dola 120 000. Huko Houston, kwenye kituo cha MD Anderson, Allison na mke wake, mganga Padmanee Sharma, wamejikaza kutafuta kwa nini mmoja anapona na mwenzake hapana.