Je, Wajua? Kilwa Kwenye Bamba la Shaba

Je, wajua kwamba picha ya Kilwa ilichapwa Ulaya mwaka 1572? Imo katika juzuu ya kwanza ya *Civitates Orbis Terrarum*, kitabu cha picha za miji kilichotoka Köln, ukurasa mmoja na Mombasa, Sofala na Aden. Mchongaji wake, Frans Hogenberg, mzaliwa wa Mechelen, alifuata michoro ya wengine. Kilwa yenyewe hakuiona.

Wajua kwamba kila herufi ilichongwa kinyumenyume? Fundi alikwangua mistari kwenye bamba la shaba kwa patasi ndogo yenye ncha kali, akapaka wino, kisha akalifuta bamba mpaka wino ubaki ndani ya mistari tu. Karatasi ililoweshwa, ikalazwa juu, vyote vikapitishwa katikati ya magogo mawili ya mviringo yenye kubana sana. Karatasi laini hunywa wino hata wa mstari mwembamba kama unywele. Rangi ilipakwa baadaye kwa mkono, nakala baada ya nakala. Inaniuma kwamba majina ya wapakaji wengi hayakuandikwa popote, hali jina la mwenye karakana huonekana wazi.

Karakana ya Blaeu, familia ya wachapaji ramani wa Amsterdam, ilikuwa na mashine 9 za kuchapa maandishi na 6 za mabamba ya shaba. Moto uliiteketeza mwaka 1672.

Na huku kwetu Katavi? Ramani ya Afrika ya Blaeu haina Mpanda wala Mwese, na jina la Ziwa Tanganyika halimo. Kusini mwa ikweta wachoraji walimfuata Ptolemy, mwanajiografia wa kale, wakaweka maziwa mawili, Zaire na Zaflan, kisha wakajaza bara kwa tembo na simba. Kwa tembo, Katavi haiwezi kuwakana! Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1858 tu, ilhali wenyeji walikuwa wakivuka ziwa hilo kwa mitumbwi tangu zamani.

Kama Hogenberg, mwandishi Mholanzi Olfert Dapper naye alitoa kitabu kinene chenye picha za Afrika, Amsterdam, mwaka 1668. Naye hakuwahi kukanyaga Afrika.

Wajua kwamba ufundi huu wa kuchapa kwa mabamba ulipata makao Dar es Salaam? Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972, na humo msanii George Lilanga, mzaliwa wa Masasi, alichora mashetani yake kwenye mabamba ya metali na kuyachapa.