Zuia Mtama Kulala Shambani

Mtama ukilala, masuke hugusa udongo, nafaka huota ukungu na mchwa huishambulia kabla ya mavuno. Kwa wakulima wa ngano walio na mvua ya kutosha, ipo dawa ya kufupisha bua, klomekwati, inayopunguza homoni ya kurefusha mmea. Kitui na Makueni, ambako mvua hukatika mapema, hiyo si njia salama: mmea wenye kiu ukinyunyiziwa huweza kudumaa na mavuno yakapungua. Wakulima wanashauriwa kupanda mbegu fupi inayokomaa mapema kama Gadam, kupunguza miche iliyosongamana, kutozidisha mbolea ya naitrojeni, na kuvuna mara nafaka inapokauka. Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako.