STENDI YA GRAINDA YA KUJITENGENEZEA: ILIVYONIOKOA NA MIZIGO YA KURUDISHWA

Leo ni zamu ya sisi tunaouza vitu tunavyotengeneza wenyewe.

Mimi nauza stendi za maua na stuli za chuma, nachomelea mwenyewe uani. Mwaka jana mteja wa Dodoma alipokea stendi nne, jioni akanitumia video na ujumbe wa sauti: "Kaka, hizi stendi zinatetemeka kama zina malaria." Nikapima zilizobaki nyumbani. Miguu ilipishana milimita 3 hadi 4! Nikarudisha hela yote pamoja na nauli ya basi. Faida ya wiki nzima ikaondoka.

Kosa halikuwa kwenye kuchomelea. Nilikuwa napima kila mguu kwa futi, naweka alama ya chaki, halafu nakata grainda ikiwa mkononi. Chaki yenyewe ina unene wa milimita mbili, na mkono nao unayumba.

Basi nikatengeneza stendi ya kushikilia grainda. Iko hivi:

1. KITAKO. Bamba nene la chuma. Juu yake kuna chuma cha pembe cha kuegemeza bomba. Usikichomelee, kifunge kwa bolti mbili ili uweze kukirekebisha. Chomoa plagi, egemeza rula ndefu kwenye diski, kisha pima sm 15 kwenye chuma cha pembe na sm 20 kwenye rula. Ulalo ukitoka sm 25 kamili, umenyooka.

2. BAWABA. Bawaba ya geti inacheza, achana nayo. Nilitumia beringi mbili za 6202 na shafti ya mm 15. Zitoe beringi kabla ya kuchomelea, maana moto unayeyusha grisi na umeme ukipita ndani unaziharibu.

3. MKONO. Funga grainda kwa matundu yake ya mpini wa pembeni. Mengi ni bolti ya M8 au M10, pima kwanza. Weka na springi ya kuinyanyua ukiachia.

4. STOPA. Hiki ndicho kinachofanya miguu yote ilingane. Unagusisha bomba kwenye stopa, unabana, unakata. Hupimi tena.

Sasa sikia hili. Stopa yangu ya kwanza niliichomelea moja kwa moja. Kipande kikakwama kati yake na diski, diski ikapasuka. Kilichookoa uso wangu ni kava ya grainda. Siku hizi stopa yangu inakunjuka: nikishabana bomba naiondoa, ndipo nawasha. Na bana upande mmoja tu, kipande kinachokatwa kidondoke chenyewe.

Jambo lingine, usitoe kava ili uweke diski kubwa! Diski ya mm 115 mara nyingi imeandikwa mwisho mizunguko 13,300 kwa dakika, ya mm 230 mwisho 6,600. Grainda ndogo inazunguka kama 11,000. Ukiweka diski kubwa hapo umejitegea bomu. Na miwani ya kinga si ya kuazima, nunua yako.

SASA TUJE KWENYE HELA. Mabomba ninayonunua yana mita 5.8. Mguu wangu ni sm 72, natoa miguu 8: sm 576, na kila mkato unakula kama mm 1.5, jumla sm 577.2. Inaenea. Lakini ukikata kwa kukisia ukatoa sm 72.5, miguu 8 ni sm 580 kabla ya kuhesabu mikato. Haitoshi! Unabaki na 7. Nusu sentimita imekula mguu mzima.

Faida nyingine: vipande vikilingana, unaweza kuuza stendi ya kufunga kwa bolti. Inasafiri kama mzigo mdogo, na mguu ukipinda njiani unamtumia mteja mguu mmoja tu. Mimi naweka video ya stendi ikiwa juu ya sakafu ya vigae na glasi ya maji imejaa juu yake. Haimwagiki. Hiyo inauza kuliko maneno.

Yule dada wa Dodoma? Nilimtumia stendi nne mpya bila malipo. Ameshaniletea wateja watatu.

Wewe unatengeneza nini, na kinachorudishwa mara nyingi ni kipi? Andika hapo chini tusaidiane.